Imeruka, Salim

Kasarani, Nairobi
Jumapili usiku

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa Bi Mkubwa. Sisi huku wazima. Nakuandikia kabla sijalala maana moyo haujatulia na vidole bado vinanuka gundi ya epoksi. Imeruka, Salim. Ndege yetu, ile ndogo ya kurushwa kwa rimoti, imeruka na imerudi chini nzima.

Nikuanzie mbali kidogo. Yale mabawa niliyapakata kutoka Miritini huko kwenu Mombasa hadi Syokimau hapa Nairobi, kila treni ikitikisika nayashika, na hayakupata hata mkwaruzo. Kazi iliyobaki, mota, servo (zile mota ndogo za kusogeza usukani) na nyaya, imenichukua majuma mawili ya usiku. Mizani ikasoma kilo 1.1 pamoja na betri ya seli tatu. Halafu, kuona kama uzito umelingana mbele na nyuma, nikainyanyua kwa ncha za vidole viwili, sentimita 5 na nusu kutoka ukingo wa mbele wa bawa, pale ulipochora mstari kwa kalamu ya risasi. Pua ikainama kidogo sana, ikatulia. Mstari wako ulikuwa sawa. Nilikubishia bure siku ile, nisamehe.

Hapa mjini sikuthubutu kuirusha. Uwanja wa ndege wa Wilson uko Lang'ata, ule mkubwa wa JKIA uko Embakasi, Eastleigh kuna ndege za jeshi. Kila upande una ndege zenye watu ndani. Mwenzangu wa kazini akatuombea ruhusa kwa baba yake, ana shamba la malisho mbele ya Juja. Jumapili iliyopita saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa pale, mimi na yule mpwa wangu wa kidato cha pili, umande umejaa kwenye nyasi. Betri volti 12.6, imejaa. Mpwa akaishika ndege, nami nikatembea hatua 30 na rimoti huku nikichezesha usukani, akawa ananipigia kelele: "Kushoto! Kulia! Juu!" Kila kitu kilitii.

Akaitupa. Ilizama kidogo, roho yangu ikazama nayo, kisha ikashika hewa. Ilivuta kushoto, nikaitulizia kwa kubonyeza rimoti mara nne upande wa kulia, ikanyooka. Dakika tano zile sijui niseme nini. Jua lilikuwa linachomoza na kila ilipogeuka tumbo lake la njano liliwaka. Mpwa wangu alikuwa anacheka peke yake.

Kutua ndiko kulikonivunja. Nilifanya kama tulivyofanya siku zote pale Nyali: nikaipangilia, nikapunguza nguvu mapema, nikaiacha ijiteremkie. Ilipofika kimo cha mtu, bawa la kushoto likaanguka ghafla kama mtu aliyepigwa ngwala, pua ikaenda ardhini. Propela ilikatika vipande viwili, na ubao unaoshika mota ukapasuka katikati. Nilipoiokota kulikuwa na nyasi mbichi zimejisokota kwenye mhimili wa mota, ikawa kazi kuzitoa moja moja. Mpwa hakusema neno. Akaenda kuchukua kipande cha pili cha propela, akakitia mfukoni.

Njia nzima ya Thika Road nilikuwa najiuliza nimekosea wapi, maana mkono haukutetemeka wala upepo haukuwapo. Jibu nilikuwa navuta pumzi ndani yake. Sisi tulijifunza kwenye hewa ya bahari. Pale Juja ni kama mita 1,500 juu ya bahari, na Nairobi hapa ni karibu 1,700. Hewa ya pale shambani imepungua uzito kwa karibu sehemu moja ya saba ukiilinganisha na ya kwenu. Propela inazunguka vilevile lakini inachota kidogo, kwa hiyo inasukuma kidogo. Bawa nalo, ili libebe kilo ileile, linataka mwendo zaidi. Nilipiga hesabu usiku ule: kule Mombasa ndege yetu inaacha kubeba ikishuka chini ya kilomita 26 kwa saa hivi. Huku ni 28. Kilomita mbili, Salim! Jicho haliwezi kuziona, na mkono wangu ulikuwa umezoea zile 26. Ndiyo sababu hata ndege ndogo ya watu hukimbia masafa marefu zaidi hapa Wilson kabla ya kunyanyuka kuliko hapo kwenu uwanja wa Moi. Nimeishi Nairobi miaka mingapi, na jambo hilo sikuwahi kulihisi mwilini mpaka bawa lile lilipoanguka.

Nikaunga ubao kwa epoksi, nikauzungushia uzi wa kushonea viatu ndani ya gundi. Nikaweka propela ya inchi 10 badala ya ile ya 9, maana kwenye hewa nyepesi mota ina nafasi ya kuizungusha bila kuungua. Niliigusa baada ya kila mruko. Ilikuwa ya uvuguvugu tu.

Leo imeruka mara mbili. Mara ya kwanza ilinyanyuka kutoka mkononi mwa mpwa bila kuzama hata kidogo. Kwenye kutua sikuzima mota. Niliacha nguvu kidogo mpaka magurudumu yalipogusa nyasi, ndipo nikafunga. Ilikimbia, ikaruka kijiwe kimoja, ikasimama. Nilikaa chini palepale.

Mara ya pili ilikuwa karibu saa tatu, jua limeshapasha ardhi. Mwewe akaja. Alianza kuzunguka juu ya ndege, kisha akashuka mpaka wakawa sawa, wanazunguka duara moja, yeye hapigi bawa na mimi nikapunguza nguvu nione. Haikushuka! Hewa ya moto ilikuwa inawapandisha wote wawili. Nilitamani uwe pale zaidi ya nilivyotamani kitu chochote mwaka huu. Saa ya rimoti ilipolia dakika sita nikaiteremsha kwa shingo upande, betri ikiwa na akiba yake, na mwewe akabaki juu.

Mpwa amening'iniza ile propela iliyokatika juu ya kitanda chake. Anaomba safari ijayo aishike rimoti, nami nimemkubalia, ila ndege iwe juu sana kwanza.

Njoo mwezi wa nane shule zikifungwa. Lete zile servo mbili ulizosema na ule waya mwembamba wa chuma, hapa nimeutafuta sijaupata. Nitakusubiri Syokimau.

Wako,
Athumani