Barua ya wazi kwa vijana wanaosomea tiba ya nyuklia

Wanangu mlioko vyuoni hapa Nairobi,

Nimetumikia vyumba vya mionzi miaka mingi, na nawaona wengi wenu mkivutiwa zaidi na mashine. Jueni kwamba kamera ya gama, ile mashine yetu ya kupigia picha, yenyewe haitoi mionzi. Hupokea tu ile inayotoka mwilini mwa mgonjwa baada ya kudungwa dawa mliyoipima ninyi. Kwa hiyo nawasihi mzitilie maanani hesabu za saa, na pia mazungumzo na mgonjwa.

Teknetiamu-99m, dawa ya mionzi ambayo mtaishika karibu kila siku, nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Dozi ya megabekereli 800 (kipimo cha nguvu ya mionzi) iliyopimwa saa mbili asubuhi huwa 400 ifikapo saa nane mchana, hata kama mgonjwa bado amekwama kwenye foleni ya magari Barabara ya Mombasa. Florini-18, nayo ya kupigia picha, ina haraka zaidi, maana nusu yake huisha kwa dakika 110. Anayebahatisha hesabu hizi humrudisha mgonjwa nyumbani na picha isiyosomeka, naye ameshapokea mionzi bure.

Beji ya kupimia mionzi ivaeni kila siku. Inanisikitisha kuona kijana akiificha kwenye droo ili kipimo chake kisipande, kwa kuwa mionzi humpata hata kama haikuandikwa. Jizoezeni pia kusimama mbali, kwani ukiongeza umbali maradufu kutoka kwenye chanzo kidogo cha mionzi, unachopokea hushuka hadi robo.

Lililo zito zaidi kwangu ni iodini-131, inayotumiwa kutibu tezi ya shingo, na ambayo nusu yake huchukua siku 8 kuisha. Mgonjwa huambiwa alale peke yake na asiwapakate watoto kwa siku kadhaa. Mama anayeishi na wanawe watatu katika chumba kimoja Mukuru ataitikia, “Sawa, daktari,” kwa heshima tu, huku akijua hana pa kulala peke yake. Muulizeni faraghani, kabla hajameza dawa, analala wapi, nani anamsaidia, na kama ana mimba au ananyonyesha. Akiwa na mimba, akiwa ananyonyesha, au akikosa mahali pa kujitenga, simamisheni dozi hiyo na mwiteni daktari, hata kama dawa imeshafunguliwa na foleni ni ndefu.

Ni mimi mzee wenu, Nairobi.