Barua ya malalamiko: DJ mliyetuletea kwenye harusi yetu Entebbe

Kwa Meneja na uongozi wote,

Habari zenu. Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe naitafuta tangu Jumamosi. Mimi ndo bibi harusi wa ile harusi ndogo ya bustanini Entebbe, risiti mnayo, makubaliano mnayo, kwa hiyo sitakaa hapa kuwasomea masharti yenu wenyewe, ya DJ mbadala mnayajua na ya muda wa kufika mnayajua.

Bibi yangu mzaa mama alitoka Bombo kuja kutuombea dua. Ni mtu mzima sana, sauti imeshakua ndogo, ndo maana kwenye programu niliyowatumia WhatsApp niliandika kabisa, Bibi akishika maiki muziki unazimwa, hakuna besi, hakuna kitu cha chini chini. Sasa Bibi ameshika maiki, amesema Bismillah, ameanza kutaja waliotangulia, babu, mjomba, watu wametulia mpaka wahudumu wamesimama na sahani mkononi, DJ wenu akapiga king'ora. Ile honi ya klabu! Alafu akaongea juu ya sauti ya Bibi, "Jajja asante, muda umeisha, twende kazi!" akaachia muziki.

Harusi ya watu wasiofika hamsini mnaijua kweli nyinyi? Kwenye ukumbi wa mia tano DJ akiharibu wa nyuma wala hawana habari, wanakula zao. Kwetu meza ya mwisho ilikua hatua chache tu kutoka kwenye spika. Hapo DJ ndo ameishika siku nzima, chakula kikija anashusha sauti watu wapige stori, maana kuna ndugu hawajaonana tangu msiba wa mwisho, hotuba zikianza ananyamaza, keki ikishakatwa anapandisha polepole, wazee kwanza na rumba yao na kadongo kamu, ule muziki wa gitaa wa Kiganda, vijana wanafuata. Hicho ndo nililipia milioni moja na nusu, sio makelele, makelele ningeyapata bure kwa jirani.

Yeye alianzia mwisho. Watu wako kwenye pilau, besi inatingisha glasi, mjomba wangu anaomba chumvi kwa ishara za mikono. Dada yangu akienda kumwambia apunguze anapunguza, dada akigeuka tu anarudisha. Wazee wakaomba Afrigo Band, bendi iko tangu 1975, Uganda hii DJ gani hana Afrigo, akajibu eti bando imeisha. Mbona bando ya kwenda live TikTok alikua nayo? Hilo nalo nalifikia. Na muziki wenyewe alikua anautoa kwenye simu yake, imechomekwa kwenye mixa, kila meseji ikiingia bustani nzima tunasikia ting, na pale naingia na baba, watu wote wamesimama, simu ikaita. Wimbo ukakatika. Banange! Nimesimama katikati ya nyasi na baba yangu na gauni langu, tunangoja DJ akate simu.

Asubuhi nimeiruka kwa hasira. Saundi cheki tulikubaliana saa nne, huyu alifika wageni wameshakaa, akaanza kuburuta waya katikati ya miguu ya watu huku anapiga "cheki, cheki". Tena sio yule niliyekaa naye ofisini kwenu nikamueleza kila kitu akaandika kwenye daftari. Huyu hata jina la bwana harusi aliliuliza kwenye maiki.

Narudi kwa Bibi, manake kwenye simu mliniambia kulikua na "kutoelewana kidogo". Kutoelewana gani? Mimi nilikua nimekaa pale pale namuona. Bibi ameinua mkono mmoja anaomba, kijana wenu anacheka na mwenzake wa taa, kidole tayari kiko kwenye batani. Akabonyeza mara ya kwanza. Bibi akashtuka, akadhani maiki imeharibika, akaipigapiga na kiganja, akaanza upya. Akabonyeza tena, ndo akatoa ule upuzi wa muda umeisha, na watoto wakapiga makofi wakidhani ndo programu. Bibi akanigeukia, akaniuliza mbele ya wakwe zangu, "Kwani nimekosea, mwanangu?" Akaweka maiki mezani taratibu, akakaa. Wamama wa Kinubi waliokuja naye walikua wacheze doluka, ngoma yao, dua ikiisha, hakuna aliyeinuka. Na dua haikuisha. Hiyo mtanirudishia na nini?

Kwenye simu nilisema nusu ya hela inatosha. Nimebadilisha. Nataka yote, milioni moja na nusu, pamoja na makato ya mobile money. Ile video ya Bibi akikatizwa, mliyoipandisha kwenye akaunti yenu na emoji za kucheka, iondoke leo. Hatukuulizwa, na nchi hii ina sheria ya kulinda data na faragha tangu 2019, muulizeni mwanasheria wenu kama mnaye. Alafu meneja mwenyewe, sio kijana, aende Bombo akamuombe Bibi msamaha, akae chini, na amuache aongee mpaka amalize mwenyewe.

Nawapa mpaka Ijumaa. Ikipita naenda korti ya madai madogo, inapokea madai mpaka milioni 10, kwa hiyo msitegemee nitaishia kwenye hiyo moja na nusu, nitaweka na usumbufu, nitaweka na aibu. Mashahidi ninao bustani nzima, na ushahidi mmejirekodia wenyewe.

Na kwa taarifa yenu binamu yangu ana kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, hivi karibuni, kamati imeniomba namba ya DJ wangu. Bado sijawajibu. Hiyo kamati ina grupu kubwa ya WhatsApp na mle ndani kuna watu wa vikao vya harusi nyingine, Ijumaa ikipita kimya nawapa namba yenu pamoja na barua hii yote.

Nimeambatanisha risiti, programu, na video niliyoihifadhi kabla hamjaifuta.

Mteja wenu wa Jumamosi,
Entebbe