Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: jivu lisifagiwe kwanza

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Mimi ni fundi umeme wa Ngamiani. Nyumba ikiungua hapa mjini, moshi haujakata, mtu ameshasema: shoti. Mafundi tumeshazoea lawama, lakini safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Kibanda cha cherehani cha jirani yangu kiliungua usiku. Mwenyewe anasema umeme wa luku uliisha tangu magharibi, akafunga kazi kwa tochi ya simu. Alfajiri nilikwenda na koleo langu. Nikakuta vijana wameshafagia, majivu yako mtaroni, na waya wa kopa umeshapelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Askari alifika saa nne, akaandika: hitilafu ya umeme.

Waya ule ungesema. Kopa huyeyuka kwenye nyuzi joto 1085 hivi. Penye shoti, ncha hujikusanya ikawa kama shanga, na pembeni yake tu waya mzima. Ukiyeyushwa na moto wenyewe, hukonda na kulainika kwa urefu. Shanga peke yake haimtaji aliyewasha, maana moto ukila ganda la waya wenye umeme, shoti hutokea vilevile. Ila waya usio na umeme hautoi shanga ya shoti. Jirani yangu alikuwa na haki ya kuangaliwa hilo tu.

Na kama ni petroli? Moto hauimalizi yote. Hunywewa na udongo, mbao na godoro. Lakini ukiitia sampuli kwenye mfuko wa plastiki wa kawaida, mvuke hupenya ukapotea (achilia mbali kwamba mifuko yenyewe tumeipiga marufuku tangu 2019). Inatakiwa kopo jipya la bati lenye mfuniko wa kubana, kama yale ya rangi. Chupa yenye masizi nayo isipanguswe: alama za vidole huweza kubaki chini yake.

Ninachoomba ni agizo kwa wenyeviti wa mitaa: zimamoto wakishazima, eneo lizungushiwe kamba, mgambo wawili walinde, hata msumari usitoke mpaka wapelelezi wafike.

Jirani sasa anashona barazani kwangu, kwa cherehani ya kuazima. Kizingiti cha mlango wake hakikufagiwa. Nimekifunika kwa bati. Atakayekuja kukichukua aniulizie mimi.