Risala ya wahitimu wa fani ya usokotaji nyuzi kwa mgeni rasmi, siku ya mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wageni waalikwa na wanachuo wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Risala za mahafali zina kawaida ya kuishia na orodha ndefu ya maombi. Sisi tumeomba ruhusa kwa walimu wetu orodha hiyo ibaki na vitu viwili tu, ili tupate nafasi ya kueleza kwa nini tunaviomba. Vyote viwili vinahusu rola.

Mgeni akiingia karakana ya kusokota, macho yake hukimbilia kwenye spindo. Zina kelele, zinazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na zinaonekana ndizo zinazofanya kazi yote. Kumbe spindo inatia msokoto na kukunja uzi kwenye bobini, basi. Unene wa uzi, na kama utatoka sawasawa au wenye manundu, huwa umekwisha kuamuliwa juu yake, kwenye jozi tatu za rola, ya juu na ya chini zikiibana pamba katikati, ambazo wengi huzipita bila kuzitupia jicho.

Utambi wa pamba, yaani kamba laini ya pamba ambayo bado haijawa uzi, huingia kwenye jozi ya nyuma, inayozunguka polepole. Jozi ya kati huenda kasi kidogo kuliko hiyo, na ya mbele huenda kasi kubwa. Kwa kuwa jozi ya mbele hutoa urefu mwingi kuliko unaoingia nyuma, nyuzinyuzi hulazimika kuteleza zikipishana, na utambi hukonda. Uwiano wa kasi hizo ndio tunaouita mvuto. Utambi wenye uzito wa gramu 600 kwa kilomita ukivutwa mara 30, unapata uzi wa gramu 20 kwa kilomita. Hesabu hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaifanya kichwani.

Kazi ngumu, Mheshimiwa, ni nafasi kati ya jozi na jozi. Inatakiwa izidi kidogo tu urefu wa nyuzinyuzi ndefu. Ukizisogeza rola karibu mno, unyuzi mmoja utashikwa na jozi mbili zenye kasi tofauti kwa wakati mmoja; ama utakatika, ama utambi utagoma kuvutika. Ukizitenga mno, nyuzinyuzi fupi zitaelea katikati, hazijashikwa nyuma wala mbele. Hizi fupi ndizo zinazotutesa. Zikiguswa na wenzao wanaokimbia, huondoka nao kwa mafungu kabla ya zamu yao, na uzi unatoka mnene hapa na mwembamba pale. Wala huwezi kusema utapima urefu mara moja ukamaliza kazi, maana hata kwenye robota moja la pamba inayohesabiwa kuwa ya milimita 28 zimo nyuzinyuzi zisizofika nusu ya urefu huo.

Tatizo hili ni la zamani kama rola zenyewe. Lewis Paul, akishirikiana na John Wyatt, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kusokota kwa rola nchini Uingereza mwaka 1738, lakini viwanda vilivyotumia mashine yao havikufanikiwa kibiashara. Richard Arkwright alipata hataza yake mwaka 1769, na mwaka 1771 akaanza kujenga kiwanda cha kuendeshwa kwa maji huko Cromford. Mwaka 1785 mahakama iliifuta hataza yake nyingine, ya mwaka 1775, baada ya wapinzani wake kudai kwamba mambo mengi aliyoyaita yake yalikuwa ya watu wengine. Katika ugomvi huo sisi hatuna upande. Ila fundi yeyote anayezifahamu rola atakubali kwamba Arkwright alipatia pale wenzake waliposhindwa: alizipanga rola kwa nafasi inayolingana na nyuzinyuzi, na akaziwekea zile za juu uzito wa kutosha ili utambi usiteleze. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mhispania Fernando Casablancas akaongeza mikanda miwili myembamba inayozunguka, eproni, ambayo huzibeba zile fupi hadi karibu kabisa na rola za mbele. Eproni hizo zipo hadi leo kwenye karibu kila mashine ya kusokotea pamba kwa ringi, ile pete iliyoizingira spindo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunafika kwenye shida yetu. Rola ya chini ni ya chuma yenye mifereji midogo, na hudumu miaka. Ya juu imevikwa mpira, na mpira huchakaa. Utambi ukipita mahali pamoja tu, huchimba mtaro; ndiyo maana mashine huwa na kifaa cha kuutembeza utambi kushoto na kulia. Mashine ikisimama muda mrefu huku mikono ya kukandamiza rola za juu imeshushwa, mpira hubonyea upande mmoja. Rola za karakana yetu zina yote mawili, na mpira wake umekuwa mgumu kwa uzee.

Rola iliyopoteza uduara huandika kasoro yake kwenye uzi, tena kwa vipimo. Rola ya mbele yenye kipenyo cha milimita 25 huirudia kasoro hiyo kila baada ya karibu sentimita 7.9. Ubovu huohuo ukiwa kwenye rola ya nyuma, na mvuto ni mara 30, hujirudia kila baada ya karibu mita 2.4, kwa sababu kila kinachoanzia nyuma hurefushwa na mvuto. Mwenye mashine ya kupima usawa wa uzi husoma urefu huo kwenye mchoro, akaenda moja kwa moja kwenye rola mbovu. Sisi tunauzungusha uzi kwenye ubao mweusi na kuutazama kwa macho. Ubao unatuambia uzi ni mbaya, lakini kujua ubaya umeanzia wapi tunabaki kubahatisha, tukifungua rola moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo, ombi letu la kwanza ni mashine ya kupima usawa wa uzi. La pili ni mashine ya kusaga mpira wa rola, pamoja na akiba ya mpira wa kuvalisha. Mpira uliochakaa husagwa tabaka jembamba sana, ukarudi kuwa laini na duara, na rola moja husagwa mara kadhaa kabla ya kuvalishwa upya. Wahitimu walio mbele yako wanaweza kukueleza kazi hiyo hatua kwa hatua, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuifanya kwa mikono yake. Kiwandani ni kazi ambayo fundi mpya anaweza kupewa.

Wapo watakaouliza kwa nini hatuombi mashine mpya ya kusokotea. Mashine mpya tungeipokea kwa furaha, hatukatai. Lakini bila ya kusagia, rola zake nazo zitachakaa, na wadogo zetu watasoma kwenye rola kama hizi zetu.

Mheshimiwa, ratiba inaonyesha kwamba baada ya risala utatembelea karakana. Tumeacha mashine moja ikiwa imesimama na mikono yake ya kukandamiza imeinuliwa, na rola mpya iko mezani kando yake. Tunakuomba upitishe kidole kwenye mpira wa zote mbili kabla hujatujibu.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wahitimu wa fani ya usokotaji nyuzi.