Usikubali maombi yao ya urafiki

Mwalimu mwenzangu,

Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu. Wanafunzi watano wamekuomba urafiki Facebook kwa usiku mmoja, nawe umebaki na simu mkononi kama aliyeshika kaa la moto! Jibu langu ni fupi: usikubali hata mmoja. Ukurasa wako una shangazi zako, ubishi wako wa siasa, na zile picha za ujanani unazodhani tumezisahau. Fungua ukurasa wa darasa ambao wazazi na mwalimu mkuu wanauona. Mtoto akikuandikia faraghani usiku kwamba hesabu imemshinda, mjibu kesho darasani bila kumtaja. Aliyekwama si yeye peke yake.

Halafu, hao watano wana umri gani? Facebook, Instagram na TikTok zote zinataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Umri huo haukupimwa kwa akili ya mtoto. Mizizi yake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozibana kampuni zinazokusanya taarifa za watoto walio chini ya umri huo. Nilipowaeleza wangu, darasa zima liliangua kicheko, nikajua karibu kila mmoja amejiandikia mwaka wa kuzaliwa wa uongo. Somo nililoandaa nikaliweka kando, tukamaliza kipindi tukijadili kampuni inaitakia nini tarehe yako ya kuzaliwa. Sijawahi kuona mikono mingi vile juu.

Usidhani nakufundisha kama mtu asiyekosea. Mwaka jana niliposti picha ya kikundi chetu kilichoshinda mdahalo. Pongezi zikamiminika, nami nikavimba kichwa. Kesho yake msichana mmoja alinisubiri mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mbona hukuniuliza?" Nikaitazama upya ile picha. Nyuma yao, ubaoni, majina ya darasa zima yalisomeka, na alama za jaribio pembeni, zake zikiwa za chini kabisa. Niliifuta, lakini ilishapigwa skrinishoti na kuzunguka kwenye makundi nisiyoyajua. Nilimwomba radhi, kisha kwa ruhusa yake nikalieleza darasa nilichokosea. Tangu hapo napiga picha za mikono, migongo na kazi zao. Sura ya mtoto naiweka tu mzazi akiridhia na mtoto mwenyewe akikubali, na akibadili nia naitoa. Kwenye kamera nimezima kile kipengele cha mahali, maana faili la picha linaweza kubeba hata sehemu ilipopigwa.

Umeuliza pia uanzie wapi kuwafundisha kutoamini kila kitu. Mimi nilianza na pweza. Ipo tovuti ya tangu 1998 inayoeleza habari za pweza anayeishi juu ya miti Marekani, aliye hatarini kutoweka. Ni mzaha mtupu, lakini ina picha na maelezo yaliyopangwa kitaalamu. Wangu walikuwa wameshaanza kupanga jinsi ya kumwokoa! Hapo ndipo nikawapa mbinu ya Sam Wineburg na Sarah McGrew, watafiti waliokuwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walipowalinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo na wahakiki wa habari, waliwakuta wahakiki hawakai sana kwenye tovuti wasiyoijua. Wanatoka haraka, wanafungua kurasa nyingine kuona watu wengine wanasemaje kuihusu. Sisi tulizoea kuwaambia watoto "soma kwa makini". Kwa pweza huyu, kadiri walivyosoma kwa makini ndivyo walivyozidi kumwamini.

Ukimjaribu huyo pweza, niandikie darasa lako lilikuwaje. Ila nitumie kwa baruapepe, usiweke kwenye lile kundi letu la walimu. Juzi mmoja wetu amemwaga humo matokeo ya darasa zima, majina na yote, na mpaka leo hajayafuta.

Wako katika chaki