Barua kwa Kaka Kuhusu Kipimo cha Mama Mdogo

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Fedha ulizoziagiza nimezituma Jumatatu. Kilichoniketisha kuandika ni maneno uliyoyasema katika kikao cha familia, kwamba mama mdogo, mwenye saratani ya titi, amenyimwa tibakemikali, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, kwa sababu ya karatasi yenye namba moja, na kwamba mimi, niliyekaa huku miaka yote nikihudumia mashine, nimeitetea karatasi badala ya kumtetea mzazi wetu.

Yameniuma, kaka. Namba hiyo, 17, ni alama ya kukadiria uwezekano wa saratani kurudi, na imetoka kwenye kinyama cha uvimbe wake wenyewe. Hupimwa jeni 21, 16 za saratani na 5 za kulinganishia, ili ijulikane zipi zinafanya kazi kwa nguvu na zipi zimetulia. Si jeni za kurithi, kama shangazi alivyodhani. Kinachopimwa ni RNA, yaani nakala za jeni ambazo seli za uvimbe zilikuwa zikizitoa siku kinyama kilipokatwa. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa TAILORx, ulioandikisha wanawake zaidi ya 10,000, na ikaonekana kwamba wenye saratani ya titi kama yake, inayochochewa na homoni na ambayo haijafika kwenye tezi za kwapani, wakiwa wamevuka miaka 50 na kupata alama kati ya 11 na 25, hawakufaidika kwa kuongezewa tibakemikali juu ya dawa za homoni. Angekuwa na miaka 40 ningekuwa wa kwanza kuhoji, maana kwa wenye umri huo faida kiasi ilianza kuonekana kwenye alama 16. Mama mdogo ana miaka 63. Mnataka anyonyoke nywele na kutapika kwa faida gani?

Uliuliza pia kwa nini kupima jeni za uvimbe, jambo lililogunduliwa 2002, bado kunatushughulisha. Watafiti wa Uholanzi waliochapisha mwaka ule kipimo chao cha jeni 70 za uvimbe wa titi walitumia vinyama vilivyogandishwa vikiwa vibichi, ilhali hospitali huvihifadhi katika fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, na nta, na humo RNA hukatikakatika. Kuipata ikiwa hivyo, kisha kutoa jibu lilelile kwa mgonjwa yuleyule, hata mpimaji akibadilika, ndiyo kazi yangu. Mwezi uliopita sampuli zetu zilipimwa upya katika maabara nyingine, na majibu yakalingana. Usiku ule nilitamani baba angekuwa hai nimsimulie, kwa kuwa huku hapakuwa na wa kumwambia kwa lugha yetu.

Nakuomba umsisitize mama mdogo asiache vidonge vyake vya homoni, kwa sababu hesabu ya alama ile imechukulia kwamba atavimeza kwa miaka 5. Hofu aliyo nayo amweleze daktari wake, naye atamsikiliza. Jumapili nitapiga simu. Mkalishe karibu nawe, nimeikosa sana sauti yake.

Ni mimi mdogo wako.