Hilo nalo ni kanisa?

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku bado hatujaelewana.

Dada ameniambia kwamba ile picha niliyotuma uliigeuza huku na huku, kisha ukauliza: "Viti vitupu na ukuta mweupe. Hilo nalo ni kanisa?" Swali limenikaa kichwani wiki nzima, na unanijua nikishikwa na neno. Nimelifuatilia neno lenyewe mpaka nilikofika pamenishangaza.

Kanisa tumelipata kwa Waarabu, nao walilichukua kwa watu wa Kiaramu, lugha aliyoisema Yesu mwenyewe. Huko asili yake ni kukusanyika, basi. Mnara haumo, kengele haimo. Waebrania wana neno la shina hilohilo: sinagogi wanaiita "beit knesset", nyumba ya kukusanyikia, na Bunge la Israeli lenye wabunge 120 jina lake ni Knesset. Kumbe kanisa letu na bunge lao ni ndugu!

Paulo, aliyeandika kwa Kigiriki, alitumia "ekklesia". Hakulitunga yeye. Kule Athene ya kale lilikuwa jina la mkutano wa raia, waliopanda kilima cha Pnyx kupiga kura juu ya vita na sheria. Halafu mwambie Dada akusomee Matendo 19, zile ghasia za Efeso, watu wanapiga kelele kumsifu Artemi, mungu wao wa kike, na wengi hawajui hata wamejia nini. Kundi lile nalo kwa Kigiriki limeitwa ekklesia. Waliotutafsiria Biblia waliandika "kusanyiko" pale, na siwalaumu; nani angekubali kusikia kanisa la wafanya fujo?

Wenyeji wangu Waingereza wana "church", linalotokana na neno jingine la Kigiriki, "kyriakon", yaani ya Bwana. Hapo wazo ni nani mwenye mali, si nani amekuja. William Tyndale alipochapisha Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, aliliweka kando akaandika "congregation", kusanyiko. Thomas More, Mwingereza mwenzake aliyelitetea Kanisa Katoliki, akamjia juu kwa maandishi. Naona sababu: ukishasema kanisa ni waumini waliokutana, wakubwa wa kanisa lazima wajieleze wao ni nani. Mwaka 1536 Tyndale alinyongwa kwa kosa la uzushi, mwili ukachomwa moto. Na waliotafsiri ile Biblia ya Mfalme James ya 1611 walipewa kanuni wazi kwamba "church" lisigeuzwe "congregation". Neno moja tu, Mama, likawekewa amri.

Kuna jambo moja limenichekesha. Kwa Kiarabu, herufi hizohizo k-n-s zikiwa kitenzi maana yake ni kufagia. Si ndiko neno kanisa lilikotoka, hilo limetoka kwenye Kiaramu kama nilivyosema. Lakini nilipolisoma nikakuona wewe na ufagio wako Jumamosi jioni, nikacheka peke yangu ndani ya basi, watu wakanitazama.

Basi kuhusu ile picha, umenishinda. Niliipiga asubuhi mapema, kabla mtu hajafika, kwa hiyo ulichokiona kilikuwa viti. Jumapili hii zamu ya kufagia ni yangu. Nikimaliza nitasubiri wenzangu waingie, ndipo nipige nyingine.

Mwanao